Filamu Zilizozidi Matarajio: Sifa ya Filamu au Kosa la Matarajio?

Katikati ya mwaka 1997, filamu ya Titanic ilikuwa imeshahukumiwa kabla haijaonwa na watazamaji. Ilipangwa kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 2 Julai, msimu ambao studio kubwa huvuna fedha nyingi, lakini kazi ya uhariri na ya picha za kompyuta ilikuwa haijakamilika, na tarehe ikasogezwa mbele hadi 19 Desemba. Gharama zilikuwa zimefikia dola milioni 200, kiasi ambacho hakuna filamu iliyokuwa imewahi kukitumia. Kampuni ya Paramount, iliyoingia ubia na Fox, studio iliyokuwa ikiitengeneza, ilikuwa imejihami mapema kwa kukataa kutoa zaidi ya dola milioni 65, na mwongozaji James Cameron alikuwa ameachia sehemu ya malipo yake ili kazi iendelee. Hata wakubwa wa studio zenyewe walikuwa wakihesabu hasara, wala hawakujiuliza kama ingekuwepo, bali itakuwa kubwa kiasi gani. Kilichofuata kinajulikana: tuzo 11 za Oscar, na mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.8 katika mzunguko wake wa kwanza duniani.

Tangu hapo Titanic imekuwa miongoni mwa filamu za kwanza kutajwa kila watu wanapozungumzia filamu zilizozidi matarajio. Lakini sifa hiyo ina pande mbili, na mara nyingi tunautazama upande mmoja tu. Filamu inaweza kuzidi matarajio kwa sababu ni nzuri kweli. Inaweza pia kuyazidi kwa sababu matarajio yenyewe yalikuwa yamewekwa chini mno, ama kwa uvumi, ama kwa dharau, ama kwa kumbukumbu ya kazi mbovu zilizotangulia. Katika hali ya kwanza tunaisifu filamu. Katika hali ya pili tunausifu mshangao wetu. Naamini tofauti hiyo si ndogo, na kwamba anayeandika juu ya sinema ana wajibu wa kueleza ni ipi kati ya hizo mbili anayoizungumzia.

Tuwatendee haki kwanza wale waliokuwa na shaka. Hawakuwa wapumbavu, wala hawakuongozwa na chuki. Mwaka 1980, Michael Cimino, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametwaa Oscar ya uongozaji, alitoa Heaven's Gate, filamu iliyogharimu takriban dola milioni 44 na kuingiza chini ya milioni 4 nchini Marekani. Mwaka uliofuata kampuni iliyoitoa, United Artists, iliuzwa. Mwaka 1995, Waterworld ya Kevin Costner ilipigwa picha baharini huko Hawaii kwa gharama iliyofikia takriban dola milioni 175, na habari za mateso yake zikajulikana kuliko hadithi yake. Mwaka huohuo Cutthroat Island, filamu ya maharamia, ilipata hasara kubwa kiasi kwamba hadi leo hutajwa pamoja na kufilisika kwa kampuni ya Carolco iliyoitengeneza. Kwa hiyo mwandishi wa habari aliyesikia mwaka 1997 kwamba kuna filamu nyingine ya majini, yenye meli kubwa, bwawa kubwa la kupigia picha lililojengwa Rosarito huko Mexico, ratiba iliyovunjika na bajeti iliyopasuka, alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Kasoro ya hukumu yao ilikuwa kwingine. Dalili zote walizokuwa nazo zilihusu fedha na muda, na hakuna hata moja iliyohusu yale yaliyokuwa ndani ya mikanda ya filamu. Bajeti iliyopasuka inatuambia kwamba wahasibu wana kazi ngumu. Haituambii kama mandhari ya kuzama kwa meli yatamshika mtazamaji au yatamchosha. Na ndani ya Titanic mlikuwa na maamuzi ya kiufundi ambayo hakuna habari za bajeti zingeweza kuyafichua. Mojawapo, ambalo nadhani halisifiwi vya kutosha, liko mapema kabisa katika filamu. Mmoja wa watafiti wa mabaki ya meli anamwonyesha Rose, mhusika mkuu aliyenusurika ajali hiyo na ambaye sasa ni mwanamke mzee sana, mchoro mfupi wa kompyuta unaoeleza jinsi meli ilivyozama: maji yanaingia upande wa mbele, yanamwagikia chumba hadi chumba, tezi inainuka, meli inakatika vipande viwili, kisha inakwenda chini. Anaeleza kwa furaha ya fundi, na Rose anamjibu kwa upole kwamba kuyapitia mambo hayo kulikuwa tofauti kidogo. Maelezo hayo mafupi yanafanya kazi kubwa. Saa nzima ya mwisho, wakati sitaha inaanza kuinama na watu kushikilia kila kilicho karibu, hakuna mhusika anayehitaji kusimama na kutueleza kinachotokea. Tunajua ni hatua gani imefikiwa na ipi inafuata, na kwa kuwa tunajua, macho yetu yanabaki kwa watu badala ya kubaki kwa chuma. Huo ni ufundi wa msimulizi aliyefikiri.

Hata hivyo, si kila kitu katika filamu hiyo kina ubora huo, na hapa ndipo upande wa pili unapostahili kusikilizwa. Titanic ilipendekezwa kuwania tuzo 14 za Oscar, na mswada wake haukuwa miongoni mwa vipengele hivyo. Upungufu huo unaonekana wazi. Mchumba wa Rose ameandikwa kama mtu mbaya asiye na kona hata moja ya ubinadamu, na mazungumzo mengi ya nusu ya kwanza yanasema kwa sauti kile ambacho nyuso za waigizaji zilikuwa zimeshakisema. Mhakiki Kenneth Turan wa gazeti la Los Angeles Times aliushambulia mswada huo wazi, na Cameron akamjibu kwa hasira. Katika jambo hilo moja naona Turan alikuwa na haki. Mtu anaweza kuuliza, basi, kama filamu hiyo haikubebwa na mshangao wenyewe: wahakiki walioingia wakitegemea maangamizi walikuta kitu kinachotazamika, wakapumua, na katika kupumua huko wakaipa zaidi ya ilichostahili.

Hoja hiyo ina mantiki, lakini mapato ya wiki kwa wiki hayaiungi mkono. Titanic ilikaa nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa wiki 15 mfululizo, na mwisho wa wiki ulioingiza fedha nyingi kuliko yote haukuwa wa kwanza. Ulikuwa ule wa sikukuu ya wapendanao, Februari 1998, karibu miezi miwili baada ya kutoka. Mtu aliyekata tiketi Februari hakuwa na matarajio madogo tena. Alikuwa ameshaambiwa na dada yake, na jirani yake, na wenzake kazini, kwamba ni filamu ya kuonwa, na wengine walikuwa wanairudia. Mshangao ungeweza kueleza wiki mbili za kwanza. Wiki ya tisa inahitaji maelezo mengine, na maelezo pekee yanayobaki ni kwamba watu waliipenda filamu yenyewe, pamoja na mswada wake wenye mapungufu.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine, na kwangu una mafunzo mengi zaidi. Jaws, filamu ya papa anayewashambulia waogeleaji, iliyotoka tarehe 20 Juni 1975, haikudharauliwa na umma. Riwaya ya Peter Benchley ambayo filamu hiyo ilitokana nayo ilikuwa imeuzwa sana mwaka uliotangulia, na watu walikuwa wakiisubiri. Waliokata tamaa ni waliokuwa wakiitengeneza. Mwongozaji Steven Spielberg alikuwa na umri wa miaka 27 alipopelekwa kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard kupiga picha ambazo zilipangwa kuchukua siku 55. Zilichukua 159. Bajeti ya takriban dola milioni 4 ikafika milioni 9. Papa watatu wa mitambo waliotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo hawakuwa wamejaribiwa katika maji ya chumvi, na walipotiwa baharini mitambo yao ilianza kuliwa na kutu na kukwama. Siku nyingi zilipita ambapo mashua zote zilikuwa tayari, waigizaji wako tayari, na papa hayuko tayari.

Kilichotokea baadaye kimesimuliwa mara nyingi, lakini kinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndicho kiini cha suala hili. Mipango ya awali ilikuwa kumwonyesha papa mapema na mara nyingi zaidi. Papa alipokosekana, Spielberg alilazimika kutafuta namna ya kumfanya awepo bila kuonekana. Katika shambulio la kwanza msichana anaogelea usiku, tunamwona akivutwa chini mara moja, kisha akiburutwa huku na huku juu ya maji, na hatuoni jino hata moja. Baadaye wavuvi wanampiga papa kwa mikuki iliyofungwa mapipa ya manjano, na kuanzia hapo mapipa ndiyo yanayoonekana: yanakuja kwa kasi juu ya maji, yanazama, yanaibuka nyuma ya mashua. Pipa la manjano ni kitu cha kawaida kabisa, lakini mtazamaji anaanza kuliogopa kuliko angeliogopa domo la mpira lililojaa meno ya bandia. Muziki wa John Williams, wenye noti mbili zinazorudiwa na kuongeza kasi, ukajaza nafasi iliyobaki. Papa mzima haonekani vizuri hadi filamu imekwenda zaidi ya saa moja.

Wanaopenda kuyatukuza matatizo huchukua kisa hiki na kusema kwamba kuharibika kwa mtambo ndiko kulikoiokoa filamu. Spielberg mwenyewe amekuwa mkweli kwa kukiri kwamba papa aliyefanya kazi vizuri angempa filamu dhaifu zaidi. Nakubali sehemu ya kauli hiyo na kukataa sehemu yake. Mtambo ulioharibika haukuandika mandhari yoyote. Uliondoa njia rahisi, na baada ya hapo kila kitu kilitegemea watu: mwongozaji aliyejua kwamba hofu hukua pale jicho linaponyimwa, mtunzi wa muziki aliyekuwa na ujasiri wa kutumia noti mbili tu, na mhariri Verna Fields, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, ambaye alijua ni kwa sekunde ngapi papa wa mpira anaweza kuonekana kabla ya kuanza kuonekana wa mpira. Filamu ilipokwisha kuonyeshwa kwa majaribio na watu wakapiga mayowe, Spielberg alitaka yowe moja zaidi, akaenda kupiga picha ya ziada katika bwawa la kuogelea la nyumbani kwa Fields, maji yakiwa yametiwa maziwa ya unga ili yafanane na ya bahari. Huyo ni mtu aliyeendelea kuhangaika hadi dakika ya mwisho, na kuuita mwenendo huo bahati ni kumdhulumu.

Isitoshe, visa vya aina hii hutufikia vikiwa vimechujwa. Tunazijua filamu zilizoharibikiwa na mitambo kisha zikang'ara, kwa sababu watengenezaji wake huulizwa juu yake kwa miaka 40 baadaye. Filamu zilizoharibikiwa na mitambo kisha zikawa mbovu tu ni nyingi zaidi, na hakuna anayewatafuta watengenezaji wake ili wasimulie. Kwa hiyo mtayarishaji kijana anayesoma juu ya Jaws asidhani kwamba machafuko ni mbinu ya kazi.

Kuna pia matarajio madogo yanayotokana na sura ya mtu, na haya sitakaa nayo sana kwa kuwa hayana uzito mkubwa. Daniel Craig alipotangazwa Oktoba 2005 kuwa James Bond mpya, mashabiki walianzisha kampeni ya kuigomea filamu, wakilalamika kuhusu nywele zake za manjano na kimo chake. Casino Royale ilipotoka mwaka 2006 ilipokewa vizuri na wahakiki na kuingiza karibu dola milioni 600. Hapo kosa lilikuwa upande mmoja tu. Walalamikaji walikuwa wamehukumu picha ya mnato, na uigizaji hauonekani kwenye picha ya mnato.

Suala linakuwa gumu zaidi, na kwangu muhimu zaidi, linapofika Afrika Mashariki. Sisi tulizipokea filamu nyingi za nje bila matarajio hayo ya Hollywood. Katika vibanda vya video, vile ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza, kanda ilifika bila habari za bajeti wala za tarehe zilizosogezwa. Filamu iliyokuwa aibu kwa studio iliwekwa baada ya ile iliyopata tuzo, kwa kiingilio kilekile, na mara nyingi kwa sauti ya msimulizi aliyekuwa akiifasiri kwa Kiswahili na kuwapa wahusika maneno ambayo mwandishi wa mswada hakuyafikiria. Kenya imemjua DJ Afro kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Watazamaji wa namna hiyo walikuwa na uhuru ambao mhakiki wa New York hana: waliipenda filamu au hawakuipenda, bila kuilinganisha na kilichoandikwa juu yake. Nauona uhuru huo kuwa wa thamani. Lakini nao una gharama yake, kwa sababu msimulizi hodari huokoa filamu mbovu, na mtazamaji hutoka akiisifu filamu wakati aliyestahili sifa ni aliyeshika kipaza sauti.

Uhuru huo, kwa bahati mbaya, haukuzifikia filamu zetu wenyewe. Kwa hizo tunakuja na matarajio, na mara nyingi ni ya chini. Nimeshasikia mara nyingi mno mtu akimaliza kutazama filamu ya Kitanzania au ya Kenya na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa filamu ya hapa nyumbani si mbaya. Upo utetezi wa kauli hiyo na nitautoa kwa ukamilifu. Watengenezaji wa hapa hufanya kazi kwa bajeti ambazo studio ya Marekani hutumia kwa chakula cha wafanyakazi. Vifaa hukodishwa kwa siku. Mwigizaji huwa pia mshonaji wa mavazi yake. Wakati wa kurudia mandhari haupo. Kumpima mtu wa namna hiyo kwa kipimo cha Cameron ni ukatili. Sanaa changa huhitaji watazamaji wenye subira, na wengi waliojifunza kazi hii katika miaka ya kukua kwa Bongo Movie walifundishwa na soko lililowavumilia.

Nayaelewa hayo yote, lakini siikubali kauli ile. Uhaba wa fedha unaeleza kwa nini taa ni hafifu au kwa nini gari ni lilelile katika kila mandhari. Haumtetei mwandishi aliyeacha hadithi yake bila mwisho ili auze sehemu ya pili, wala mhariri aliyeacha mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni kwa dakika nzima. Mambo hayo hayahitaji dola hata moja zaidi. Pengine kuyarekebisha kungepunguza gharama. Tunapoyasamehe pamoja na taa hafifu, tunamnyima mtengenezaji taarifa anayoihitaji kuliko nyingine zote. Ubaya mwingine ni kwamba punguzo hilo hutolewa pia kwa wasiolihitaji.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ni mfano mzuri. Iliongozwa na David Tosh Gitonga, ikiwa zao la mpango wa mafunzo wa One Fine Day Films ambao mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer alikuwa mlezi wake, na wengi walioipokea waliizungumzia kama kazi ya wanafunzi waliojitahidi. Ni kweli kwamba ilikuwa na msaada wa nje ambao filamu nyingi za hapa haziupati, na anayetaka kuitumia kuwalaumu wengine akumbuke hilo. Lakini tazama inavyoanza. Mwas, kijana wa kijijini, anauza filamu za kunakili, na ili ziuzike anawaigizia wateja mandhari ya filamu hizo, mwili mzima, sauti mbalimbali, jasho likimtoka. Kabla hajasema kwamba anataka kuwa mwigizaji, tumeshajua, na tumeshajua pia kwamba ana kipaji na hana mlango wa kupitia. Kisha anafika Nairobi na anaporwa kila alichonacho karibu mara tu anaposhuka. Kuanzia hapo anaishi maisha mawili, la jukwaani na la genge la wezi, na Joseph Wairimu anayabeba yote mawili kwa mwili uleule: uchangamfu uliokuwa ukimuuzia filamu kijijini ndio unaomfaa katika genge. Hakuna jambo katika uigizaji huo linalohitaji kusamehewa.

Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kabla ya hapo, katika tamasha la kimataifa la filamu la Durban mwaka huohuo, Wairimu alitajwa kuwa mwigizaji bora wa kiume, akishindanishwa na waigizaji wa nchi zenye viwanda vya sinema vya miaka mingi. Waamuzi wa Durban hawakuwa wanampima kwa kipimo cha filamu za nyumbani kwao, wala hawakuwa na sababu ya kumwongezea chochote juu ya alichokionyesha. Waliomwangalia Nairobi na kusema si mbaya kwa filamu ya hapa walikuwa wameona uigizaji uleule.